Pini ya Kofia na Ndoo Mbili: Gari Ilivyofika Mikononi mwa Mwanamke



Mwezi uliopita tulikuwa na harusi ya nyumbani. Nikaha ilipita salama, halua ikaliwa, na jioni ikafika zamu ya kumpeleka bibi harusi kwa mumewe. Gari ilikuwa imepambwa tangu asubuhi, inang'aa, na vikuba vya asmini vinanukia mpaka barazani. Bibi harusi kaingia na somo wake, mlango ukafungwa, dereva akazungusha ufunguo. Tik. Akazungusha tena. Tik. Boneti ikafunguliwa, na pale kwenye vichwa vya betri tukaona unga mweupe uliochanganyika na kijani, umeganda kama chumvi kwenye jawabe. Gari ile ilioshwa nje mara mbili siku hiyo, lakini hakuna aliyekumbuka kuitazama ndani. Bibi harusi alikaa dakika arubaini kwenye joto, jasho linamtiririka mpaka kwenye hina, hadi jirani alipokuja na nyaya za kuamshia betri.

Usiku ule tulicheka. Kesho yake tuliulizana. Masomo wetu walitufundisha singo, udi, kutandika kitanda na kumpokea mgeni wa mume. Nani alitufundisha kufungua boneti? Na hii fikra kwamba gari ni mambo ya wanaume tuliipata wapi? Tukaanza kusoma, na tuliyoyakuta yalitushangaza, kwa sababu mwanzoni kabisa mwa historia ya gari tulikutana na bibi harusi.

Bibi harusi wa Pforzheim

Bertha Ringer alizaliwa mwaka 1849 katika mji wa Pforzheim, kusini mwa Ujerumani, katika nyumba yenye uwezo. Mchumba wake, Carl Benz, alikuwa mhandisi mwenye kichwa kizuri na mfuko mtupu. Mwaka 1871 Carl alianzisha karakana yeye na mshirika, na mshirika yule akawa mzigo. Bertha akawaomba wazazi wake wampe mapema fungu lake la kuolewa. Kwa fedha ile Carl alimlipa mshirika wake, akatoka, na karakana ikabaki yao. Mwaka uliofuata, 1872, wakaoana.

Hapa inabidi tusimame kidogo. Fungu lile si mahari kama tunayoijua sisi. Kwetu mahari hutolewa na mume na huwa ni mali ya mke mwenyewe, akitaka anunue dhahabu, akitaka shamba, na ndoa haimpokonyi. Kwao lilitoka kwa wazazi wa mke, na mwanamke akishaolewa mali yake ilikwenda chini ya usimamizi wa mumewe. Kwa hiyo hati ya uvumbuzi wa gari ya tarehe 29 Januari 1886, namba 37435, ina jina la Carl Benz peke yake. Fedha iliyoiokoa karakana ile ilikuwa ya Bertha. Kila tunaposikia mtu akisema mwanamke hana lake kwenye gari, tunaikumbuka hati ile.

Gari yenyewe ilikuwa na magurudumu matatu, na watu hawakuitaka. Waliiogopa, wengine waliicheka, na Carl alikuwa mtu wa kuendelea kurekebisha badala ya kuuza. Basi Agosti 1888 Bertha aliamka mapema, akawachukua wanawe wawili wakubwa, Eugen na Richard, akaitoa gari nje na kuondoka Mannheim kwenda kwa mama yake Pforzheim. Mumewe hakuambiwa. Safari ilikuwa ya kilomita mia moja na kitu, na hakuna mtu duniani aliyekuwa ameendesha gari umbali ule.

Kwa wanaopenda kupima tarehe kwa mambo ya kwetu: mwezi wa Machi mwaka huo huo ndipo alipofariki Sayyid Barghash, aliyejenga Beit al-Ajaib na kuuletea mji wetu maji ya bomba. Na miaka miwili nyuma yake, Sayyida Salme, aliyeolewa na Mjerumani akahamia Ujerumani, alikuwa ametoa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani. Hatujui kama Bertha alikisoma, ila tunapenda kuwaza kwamba wanawake hawa wawili walikuwa wakivuta hewa ya nchi moja.

Sasa sikilizeni safari yenyewe, maana kila kilichomharibikia Bertha njiani bado kinatuharibikia sisi.

Mrija wa mafuta uliziba. Akachomoa pini ndefu ya kofia yake akauzibua. Waya wa umeme ukachubuka ukawa unagusa chuma. Akavua mpira wa soksi yake, akauzungushia waya ule. Mafuta yakapungua, na vituo vya mafuta havikuwepo popote duniani, kwa hiyo akaingia duka la dawa la mji wa Wiesloch akanunua ligroini, aina ya mafuta mepesi iliyouzwa kwa ajili ya kutoa madoa ya nguo. Duka lile leo linajulikana kama kituo cha kwanza cha mafuta duniani. Breki zake zilikuwa vipande vya mbao vinavyosugua gurudumu, na kwenye miteremko mbao zikaisha. Alimtafuta fundi viatu, akamwambia apigilie ngozi juu ya mbao zile. Hapo ndipo ilipozaliwa breki yenye kitu cha kuvaliwa kinacholika badala ya breki yenyewe. Pedi za breki za gari yako, shoga, ni wajukuu wa ngozi ile ya viatu.

Na pedi zikilika husema. Ukisikia breki zinalia kama kisu kwenye jiwe kila unapokanyaga, ngozi imekwisha na sasa chuma kinakula chuma. Hiyo si kazi ya nyumbani, peleka gereji siku hiyo hiyo. Lakini kulijua sauti ni kazi yako, maana fundi hakai ndani ya gari yako kila siku. Na unapoipeleka, omba uoneshwe pedi ya zamani na mpya. Mmoja wetu aliwahi kulipia pedi mpya kwa fundi mmoja, na wiki mbili baadaye akafunguliwa tairi kwengine akaoneshwa zile zile za zamani zimepakwa rangi. Tangu hapo tunarudi na pedi za zamani nyumbani, tumezifunga kwenye mfuko.

Jambo lililomsumbua Bertha zaidi ya yote lilikuwa maji. Injini yake ilipozwa kwa maji yaliyochemka na kupaa mvuke, kwa hiyo kila baada ya mwendo ilibidi yaongezwe. Alichota kwenye visima, mikahawa, popote alipoyapata. Magari ya leo maji yake huzunguka ndani ya rejeta bila kupotea, na yakipungua maana yake kuna mahali yanavuja. Tazama chombo chake cha akiba asubuhi kabla gari haijawaka, yawe kati ya mistari miwili. Kamwe usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Kuungua usoni kwa mvuke wa rejeta si hadithi, tumeyaona majeraha yake. Ikichemka njiani, zima, kaa pembeni, subiri hata nusu saa. Na kuna jambo la visiwani hasa: maji yetu mengi hutoka kwenye miamba ya chokaa. Tazama birika lako la chai lilivyoganda ndani. Ndivyo rejeta itakavyokuwa ukiijaza maji ya kisima mwaka mzima. Nunua maji maalumu ya rejeta, au kwa dharura tumia yaliyosafishwa.

Bertha alifika kwa mama yake jioni, akampelekea mumewe simu ya maandishi kwamba wamefika salama. Siku chache baadaye alirudi na gari yake, na akamletea Carl orodha ya mambo ya kurekebisha, likiwemo la gia ndogo ya kupandia milima, kwa sababu wanawe walilazimika kuisukuma. Carl akaiongeza.

Mkono wa hendeli

Kama wa kwanza kusafiri mbali kwa gari alikuwa mwanamke, vipi tena gari ikawa ya wanaume? Jibu moja ni hendeli. Magari ya petroli ya mwanzo yaliwashwa kwa kuzungusha chuma mbele ya injini kwa nguvu, na injini ikirudi nyuma hendeli ilipiga mkono na kuuvunja. Wanaume wengi walivunjika. Wanawake waliambiwa wasiguse.

Wenye uwezo Marekani wakawanunulia wake zao magari ya umeme, ambayo hayakuwa na hendeli, moshi wala kelele. Na hapa kuna kichekesho tunachokipenda: Clara, mke wa Henry Ford mwenyewe, aliyekuwa akiuza magari ya petroli kuliko mtu yeyote, yeye aliendesha gari ya umeme ya kampuni ya Detroit Electric. Mume anauza samaki, mke anakula kuku!

Kilichobadilisha mambo ni betri. Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, siku ambazo Zanzibar ilikuwa chini ya Sayyid Majid. Lakini ilikaa zaidi ya miaka hamsini kabla ya magari ya Cadillac ya mwaka 1912 kutoka na mota ya kuwashia inayotumia betri, kazi ya mhandisi Charles Kettering. Kuanzia hapo mtu yeyote, mwenye misuli asiye na misuli, mjamzito, bibi mwenye umri, aliweza kuwasha gari peke yake.

Ndiyo maana betri chafu inatuuma. Ni kurudishwa kwenye zama za hendeli, ukingojea mwanamme aje akuamshie gari.

Na kuitunza si kazi. Unga ule mweupe hutokana na asidi inayopenya kwenye vichwa vya betri, na hewa yetu ya bahari huuharakisha. Zima gari, vaa glovu, vua bangili na pete. Legeza kwanza waya wa hasi, wenye alama ya kutoa, kisha wa chanya. Chukua kijiko cha magadi unayochemshia maharage, koroga kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, paka kwa mswaki mkuukuu. Utaona povu linapanda, maana magadi yanaiua asidi. Yasiingie ndani ya betri. Futa kwa kitambaa chenye maji safi, kausha, rudisha chanya kwanza halafu hasi, ukaze mpaka visizunguke kwa mkono. Malizia kwa kupaka mafuta mazito ya mgando, yale yale unayompaka mtoto, ili hewa ya chumvi isifike. Usiwashe kiberiti wala kupitisha chetezo karibu, kwa sababu betri hutoa hewa inayolipuka. Kama betri yako ni ya kufungua vifuniko, ongeza maji yaliyosafishwa tu, na dukani useme wazi hivyo hivyo, kwa kuwa ukiomba "maji ya betri" unaweza kupewa asidi.

Tungeifanya kazi hii ya robo saa siku moja kabla ya harusi ile, bibi harusi wetu asingelowa.

Kioo cha nyuma, kioo cha mbele

Mwaka 1909 Mwingereza Dorothy Levitt alitoa kitabu cha kuwafundisha wanawake gari. Hakuwa mtu wa nadharia, mwaka 1906 aliendesha gari ya mashindano kwa mwendo wa karibu kilomita 146 kwa saa pale Blackpool. Katika kitabu chake aliwashauri wanawake wabebe kioo kidogo cha mkononi, si kwa ajili ya kujitazama tu, bali wakiinue mara kwa mara kuona kinachokuja nyuma. Dereva wa mashindano ya Indianapolis aliyefunga kioo cha nyuma kwenye gari yake alifanya hivyo mwaka 1911. Kioo cha mkoba wa mwanamke kilitangulia.

Wipa nazo ni hadithi ya kusikitisha zaidi. Mary Anderson wa Alabama alikwenda New York wakati wa baridi, akamuona dereva wa tramu akiendesha na dirisha wazi, theluji inampiga usoni, kwa sababu kioo hakionyeshi. Alirudi akachora kifaa cha mpira kinachofuta kioo kwa mpini ulio ndani. Hati yake, namba 743,801, ilitolewa tarehe 10 Novemba 1903. Alipojaribu kuiuza, kampuni moja ya Kanada ilimjibu kwamba haioni biashara ndani yake. Hati ikaisha muda wake mwaka 1920, na miaka miwili baadaye Cadillac ikaanza kuweka wipa kwenye magari yake yote. Mama yule hakupata hata senti.

Zitunzeni wipa, basi, japo kwa heshima yake. Jua letu hukausha mpira wake ukapasuka kabla masika hayajaingia, nawe hugundui mpaka mvua ya kwanza ya Machi inapokukuta njiani na kioo kimegeuka ukungu. Kila ukiosha gari, nyanyua mkono wa wipa, pitisha kitambaa chenye maji na siki kidogo kwenye mpira mpaka weusi uishe. Ukiona umekatika au umekuwa mgumu, badilisha, bei yake ni ndogo kuliko ya kioo kilichokwaruzwa.

Rangi, kunguru na maji ya kuoshea

Kuosha gari nako kuna wazee wake, nao ni watu wa magari ya farasi. Magari ya farasi ya matajiri wa Ulaya yalipakwa vanishi tabaka juu ya tabaka, kazi ya wiki nyingi, na waliyaosha kwa masharti: kivulini, kwa maji mengi ya kulainisha tope kabla ya kugusa, na kukausha kwa ngozi laini. Hawakuyaweka karibu na zizi, kwa kuwa hewa ya mkojo wa farasi iliua vanishi. Gari ya injini ilipokuja ilirithi rangi hiyo hiyo ya pole pole. Ford alitoa Model T kwa rangi nyeusi tu tangu mwaka 1914 hadi 1925. Mwaka 1924 magari ya Oakland yalitoka na rangi mpya ya Duco ya kampuni ya DuPont, inayokauka kwa saa badala ya siku, na dunia ya magari ikapata rangi za kila namna.

Masharti ya wale watunza farasi bado ni kweli. Hapa kwetu badala ya mkojo wa farasi tuna kunguru. Kunguru hawa waliletwa kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka za mji. Mji haujawa safi kwa ajili yao, na wao wamehamia juu ya miembe tunayoegesha chini yake. Kinyesi chao ni kikali, na juani kinakula rangi mpaka kuacha alama isiyotoka. Usikikwangue kikavu. Weka kitambaa kilichorowa juu yake dakika kumi, kilainike, kisha kiinue.

Kuosha kwenyewe tunafanya baada ya Alfajiri au baada ya Alasiri, bati likiwa la baridi. Ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa. Watu wengi hutumia moja, na kwenye mchanga wa visiwani hiyo ni sawa na kusugua gari kwa msasa. Mwagia kwanza, anza na tairi kwa kitambaa chao peke yao, halafu paa, ukishuka. Kitambaa kikianguka chini kimeshaharamika, chukua kingine. Sabuni ya unga ya kufulia na ya vyombo zinavua ile nta inayolinda rangi, nunua shampuu ya gari, chupa moja inakaa miezi. Kwa kukausha, hakuna kitu kizuri kama kanga kuukuu iliyofuliwa ikalainika, ile ambayo hata maneno yake hayasomeki tena.

Na mpira wa maji ukiachwa wazi unamwaga kwa gari moja maji ya nyumba nzima. Tunaokumbuka kungojea maji usiku na madumu hatuna haja ya kuelezwa. Hadithi inajulikana, Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alitawadha kwa mudi moja, yaani kiasi cha kujaa viganja viwili. Ndoo mbili na ya tatu ya kusuuzia zinatosha gari ndogo.

Ila kuna mahali msibanie maji, nako ni chini ya gari. Wengi wetu tunanunua magari yaliyotumika Japani, na baadhi yametembea kwenye barabara za baridi zinazomwagwa chumvi kuyeyusha theluji. Likifika hapa linakutana na upepo wa bahari, halafu mtu analipeleka ufukweni maji yakipwa kupigwa picha za harusi. Kutu huanzia chini na ndani ya madigadi, ambako hakuna anayetazama. Ukitoka pwani, siku hiyo hiyo mwagia chini kwa maji baridi mpaka yatoke safi. Na kabla ya kununua, lala chini utazame mwenyewe, usitosheke na rangi inayong'aa.

Mabibi harusi, maneno mawili ya ndani. Hina mbichi na piko vikigusa kiti cha kitambaa havitoki, kwa hiyo tandika kanga nyeusi au shuka kabla hujaingia, na viganja viwe juu. Na mapambo ya nje yafungwe kwa utepe, si kwa gundi. Gundi ikipigwa jua siku nzima hubandua rangi pamoja nayo, na gari nyingi za harusi ni za kuazima.

Oili na upepo

Haya tutayapita haraka kwa kuwa ni mepesi. Wenye Model T walilala chini ya gari wakafungua vikoki viwili kujua kiasi cha oili, kwani haikuwa na kijiti cha kupimia. Wewe unacho. Gari ikiwa baridi na imesimama pahala tambarare, kichomoe, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Alama ya oili iwe kati ya mbili. Mara moja kwa wiki inatosha.

Tairi la upepo lenye kufaa kazi lilitengenezwa na John Boyd Dunlop mjini Belfast, kwa baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, na hati yake aliipata mwaka ule ule wa 1888 aliosafiri Bertha. Gari yake haikuwa nayo, mifupa yake ilijua. Kiwango cha upepo kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya mlango wa dereva. Pima asubuhi, na la akiba nalo, maana la akiba ndilo tunalolikuta limelala siku ya shida.

Kisa cha Riyadh

Tarehe 6 Novemba 1990 wanawake 47 wa Saudi Arabia waliingia kwenye magari mjini Riyadh wakayaendesha barabarani, wakiwa na leseni walizozipata nje ya nchi. Walikamatwa, na waliokuwa waajiriwa wa serikali walisimamishwa kazi. Iliwachukua wanawake wa nchi ile mpaka tarehe 24 Juni 2018 kuruhusiwa kuendesha. Tunaitaja kwa sababu baadhi yetu tumeambiwa na watu wa karibu kwamba usukani na stara havikai pamoja. Tukawauliza kuhusu wanawake wa Kikureshi, waliosifiwa katika hadithi sahihi kwa kupanda ngamia, kuwahurumia watoto wao na kuchunga mali za waume zao, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya petroli.

Bibi harusi wetu, yule wa dakika arubaini, sasa ana gari ndogo ambayo mumewe amempa sehemu ya mahari. Tulipokwenda kumtembelea na sinia la vitumbua tulimkuta ukumbini ameshaanika glovu, mswaki mkuukuu na kopo la mafuta ya mgando juu ya ndoo mbili zilizopinduliwa. Mumewe aliuliza ufunguo wa gari uko wapi, anataka kwenda msikitini. Akamwambia asubiri kidogo, waya wa hasi bado haujakazwa.